Kompyuta za zamani: zinakufa kwa kutumika au kwa kupumzishwa?

#1 Taa_ya_Nyamanoro

Wakuu, habari za Jumapili.

Mimi na wenzangu watatu tunajitolea kutunza chumba cha kompyuta za zamani hapa Mwanza. Msifikirie jengo kubwa lenye bango. Ni chumba kimoja, meza tatu ndefu, mashine nane. Kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi wanafunzi na wazazi wanaingia bure, wanavuta stuli, wanabonyeza. Tangu mwanzo sharti letu ni moja: mashine iwake na mgeni aiguse. Kompyuta ikiwa kabatini imezimwa, mtoto anaipita kama anavyopita jiwe, na mawe Mwanza anayaona kila siku.

Tatizo ni hili. Nina daftari ninaloandika kila hitilafu. Kwa miaka miwili mashine zimetufia mara saba, na zote saba ni Jumamosi asubuhi, ama mkono unapotoka kwenye swichi ama dakika chache baada ya hapo. Hata moja haijafa saa sita mchana watoto wakiwa wamejaa.

Jana ilikuwa zamu ya BBC Micro, kompyuta ya Uingereza ya miaka ya themanini. Nimewasha, ikalia mlio wake wa kawaida, mzito kisha mwembamba, maandishi yakaja. Dakika ya tatu moshi mweupe ukaanza kutoka nyuma, na harufu kali ambayo mpaka leo iko kwenye pazia. Kilichonishangaza, maandishi kwenye kioo hayakutikisika. Inatoa moshi, na bado inasubiri amri.

Kwa hiyo nasema wazi: mikono ya watoto haiziui hizi mashine. Zinauawa na siku sita za kukaa kimya. Nataka tuziache zikiwaka wiki nzima. Wenzangu wamekataa, mmoja anasema nitachoma nyumba ya watu. Mnasemaje?

#2 MwanaIgogo

Wiki nzima? Luku ananunua nani mkuu 😀

#3 Fundi_Makoroboi

Mkuu Taa, kabla hatujafika mbali. Fungua pawa saplai ya hiyo BBC. Pale umeme wa ukutani unapoingia kuna kidude cha mstatili, rangi ya asali, unaona mpaka ndani. Kina nyufa? Kama kina nyufa, huyo ndiye mhalifu.

Ni kapasita ya karatasi. Kazi yake kuchuja kelele za umeme, na imekaa moja kwa moja kwenye laini ya volti 230. Ganda likizeeka linapasuka nyufa nyembamba, karatasi inanyonya unyevu wa hewa, siku ukiwasha inachemka na kutoa huo moshi. Mashine haiihitaji ili ifanye kazi, ndiyo maana kioo hakikutikisika. Ibadilishe, lakini usichomeke kapasita yoyote uliyoikuta kwenye kopo la skurubu. Lazima iwe imeandikwa X2, alama ya kapasita salama kwa umeme wa ukutani. Ya kawaida ikifa inaweza kufa kwa shoti, hapo mwenzako wa nyumba kuungua atakuwa amesema kweli.

Kwa hiyo mimi sikubali kwamba kosa ni kuzima. Kosa ni unyevu. Mko umbali gani na ziwa?

#4 Taa_ya_Nyamanoro

Fundi, asante sana. Nimefungua sasa hivi. Ziko mbili, na zote zina nyufa kama mbuga ya Magu wakati wa kiangazi. Moja imetoboka pembeni na kuacha utomvu mweusi.

Ziwa tunaliona dirishani. Mita mia tatu hivi.

#5 StabilaizaMoja

Unyevu umekuwepo tangu ziwa liwepo. Angalieni umeme. Kwangu Mabatini nimepima saa tisa usiku mita ikasoma 258. Jioni watu wakiwasha pasi na majiko inashuka mpaka 190. Kapasita iliyotengenezwa miaka ya themanini haikuzoea kubembezwa namna hiyo. Jumamosi asubuhi viwanda na ofisi nyingi vimefungwa, umeme unapanda, na nyie ndio mnawasha. Mkuu Taa, mashine zako hazifi kwa sababu zililala. Zinakufa kwa sababu ya saa mnayowasha.

#6 Mzee_Karani

Vijana, nimesoma nikakumbuka mbali. Nilikuwa karani wa hesabu kwenye ofisi moja ya pamba, sitaitaja. Mwaka 1983 tuliletewa IBM AT, kompyuta ya ofisini. Chumba chake kilikuwa na zulia na kiyoyozi, kuliko ofisi ya meneja. Viatu tulivua mlangoni. Mke wa mhasibu alifuma kitambaa cheupe cha kufunika kioo na kingine cha kibodi, na kila jioni nilivifunika kama ninavyofunika chakula.

Msimu wa kununua pamba ukifunguliwa mashine ile haikuzimwa. Tulipokezana usiku na mchana, mmoja anasoma namba kwenye stakabadhi, mwingine anaingiza. Miezi mitatu, minne, inaunguruma tu. Haikufa. Ilikufa lini? Msimu ulipofungwa. Tuliizima, tukaifunika kile kitambaa, tukaenda likizo. Kurudi, imesahau hata tarehe ya leo, na diski haiioni.

Kwa hiyo mimi namuunga mkono Taa. Mashine ni kama ng'ombe wa plau, ukimwacha zizini miezi sita hatembei.

#7 Kisesa_86

Shikamoo mzee. Kumbukumbu yako ni tamu ila nasahihisha mwaka. IBM AT ilitoka Agosti 1984, kwa hiyo 1983 haingeweza kuwa AT. Isitoshe mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni vilevile. Kabla ya hapo zilikuwepo chache, ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Waingereza. Ndiyo sababu kizazi cha wazee wetu kiliruka kutoka mashine za kupiga chapa za chuma mpaka kompyuta za ofisini, bila kupitia zile ndogo za nyumbani.

#8 Mzee_Karani

Marahaba mwanangu. Umenibana vizuri. Nimehesabu kwa umri wa mwanangu wa pili, ilikuwa 1988.

#9 Rafu_ya_Juu

Samahani wakuu, kuna njia rahisi. Chukueni kompyuta ndogo ya kisasa ile ya ukubwa wa kadi, wekeni programu inayoiga BBC na Commodore, ifungeni ndani ya ganda la zamani. Mgeni hataona tofauti. Hamtapima volti, hamtatafuta X2. Za asili ziwekeni kabatini zipumzike kwa heshima.

#10 Binti_Nansio

Mimi ni mwalimu, Ukerewe. Sijawahi kuwa na BBC ila tuna kompyuta kumi na mbili za Pentium tulizopewa na wafadhili zamani, na bado tano zinawaka. Nataka niwaambie jambo ambalo hakuna aliyeligusa.

Mnajua yale mawingu ya wadudu yanayoinuka ziwani, kwa mbali kama moshi? Huku kwetu mwezi ukiandama ndipo yanapozidi. Upepo ukiyaleta nchi kavu yanafuata mwanga, na chumba chenye vioo kumi na viwili vinavyowaka saa moja jioni ni karamu. Asubuhi unafagia ndoo.

Mwaka juzi kompyuta ilijizima yenyewe, nikafungua pawa saplai. Feni haikuonekana. Nilidhani kuna mtu ameweka kipande cha blanketi la kijivu ndani. Nikakivuta kwa kibano, kikatoka kizima kama fulana: ni wadudu, maelfu, wameshikamana na vumbi na mafuta ya feni. Chini yake miguu ya vile vyuma vya kupozea ilikuwa imepata kutu ya kijani. Hawa wakifa wakiwa wabichi wana majimaji, na majimaji kwenye bodi yenye umeme ni shoti.

Kwa hiyo mkuu Taa, ukiziacha zinawaka usiku, utakuwa umewawashia wadudu taa na feni ya kuwavuta ndani. Sisi tumefunga chandarua kuukuu kwenye kila tundu la feni. Tunakung'uta kila Ijumaa.

#11 MwanaIgogo

Hao wadudu kuna wanaowakanda na kuwakaanga, mwalimu. Pawa saplai yako ilikuwa na kitoweo.

#12 Fundi_Makoroboi

Binti Nansio amesema jambo zito, nalichukua. Lakini chandarua kikiziba, feni haivuti, joto linapanda, na joto ndiye adui wa kapasita za mafuta. Kung'uta kila siku mwezi unapoandama, si kila Ijumaa.

Mzee Karani, shikamoo. Ile AT yako "kusahau tarehe" ni betri. AT na kompyuta nyingi za chipu ya 286 zinaweka tarehe na aina ya diski kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo ndani ya mashine. Betri ikiisha haioni diski, lakini haijafa. Kibaya zaidi ni zile mashine zenye betri ya nikeli iliyolehemiwa kwenye bodi, ile iliyovikwa plastiki ya bluu. Ikizeeka inavuja, maji yake ni alkali, yanakula njia za shaba moja baada ya nyingine. Hiyo inakula mashine ikiwaka na inakula ikizimwa. Mkuu Taa, kama una 286 au 386, usisubiri Jumamosi. Ikate leo.

#13 Taa_ya_Nyamanoro

Nimekimbia kuangalia. Ipo kwenye 386. Ina unga wa kijani na bluu umetambaa mpaka soketi ya kibodi. Natokwa na jasho. Nafanyaje?

#14 Fundi_Makoroboi

Ikate kwa koleo, usiivute. Chukua siki nyeupe ya jikoni, pamba ya masikio, paka penye unga tu. Itatoa mapovu, usiogope, siki inaua alkali. Kisha safisha kwa maji ya betri, malizia na spiriti, acha ikauke siku mbili. Halafu pima kila njia kwa mita.

Maji ya betri nasema yale safi ya chupa ya sheli, SI ile asidi. Vijana wawili nimeshawaona wakichanganya.

#15 Ughaibuni_Kaskazini

Wakuu, naingia kutoka Uingereza ila nimekulia Pasiansi.

Kuhusu hoja ya Taa ya kutozima, ina ukoo mkubwa kuliko anavyojua. Pale Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kuvunja siri wakati wa vita vya pili, mhandisi wa Posta aitwaye Tommy Flowers alitaka kujenga mashine ya kuvunja siri za Wajerumani kwa kutumia valvu zaidi ya elfu moja, zile taa za kioo zilizofanya kazi ya chipu kabla chipu hazijakuwepo. Wakubwa walimwambia haiwezekani, valvu zinaungua kila saa. Yeye alijua kutoka kwenye mitambo ya simu kwamba valvu zinakufa hasa wakati wa kuwasha na kuzima. Ukiziacha zinawaka zinadumu. Akaijenga, Colossus, ikaanza kazi mapema 1944, nao hawakuizima. ENIAC ya Marekani, yenye valvu karibu 18,000, nayo waliiacha ikiwaka kwa sababu hiyohiyo.

Colossus inayoonekana pichani siku hizi imejengwa upya. Tony Sale na watu wa kujitolea walianza 1993 wakamaliza 2007. Nimeiona kwa macho yangu. Wazee wenye mvi, pasi ya kulehemu mkononi, wanaeleza watoto huku mkanda wa karatasi unazunguka. Nilitamani Mwanza iwe na kitu cha namna hiyo, kumbe kipo Nyamanoro.

#16 Fundi_Makoroboi

Historia nzuri, lakini valvu si chipu. Valvu ina waya ndani unaopata moto mwekundu kama balbu. Ukiwa wa baridi unavuta umeme mwingi kwa ghafla, ndiyo maana hata balbu za zamani zilikatika ukigusa swichi. Chipu ya BBC haina waya wa moto. Flowers alikuwa sahihi kwa valvu zake. Usimhamishie kwenye Commodore.

Tena kwa Commodore 64 ni kinyume kabisa. Lile tofali lake la umeme limemiminiwa gundi ndani, joto halina pa kutokea. Likichoka linaanza kutoa zaidi ya volti tano kwenye mguu wa volti tano, na chipu za kumbukumbu zinakaangwa. Ukiliacha wiki nzima utalia. Mkuu Taa, yako inafanyaje?

#17 Taa_ya_Nyamanoro

Commodore yetu ni miongoni mwa zile saba. Kioo cheusi tangu Novemba. Tulidhani ni waya wa TV.

Nimepima tofali sasa hivi, halijachomekwa kwenye mashine. Mguu wa tano unasoma 7.2.

#18 Fundi_Makoroboi

Pole. Lifunge kwa utepe mwekundu asije mtu akalichomeka tena. Chipu za kumbukumbu ziko nane kama ni bodi ya awali, huenda hazijafa zote. Wakati mwingine iliyokufa ukiigusa kwa kidole inaunguza kuliko wenzake.

#19 Kisesa_86

Nauliza kwa nia njema. Bango lenu la Commodore limeandikwa nini? Nilipita mwezi wa tatu nikaona "hivi ndivyo watoto wa Mwanza walivyocheza 1984". Commodore 64 ilitoka 1982, hapo sawa. Lakini ilitumia televisheni kama kioo, na bara vituo vya televisheni vilianza mwaka 1994. Zanzibar ndio walitangulia, 1973. Mtoto wa Kirumba mwaka 1984 angeichomeka wapi?

#20 Taa_ya_Nyamanoro

Kisesa uko sahihi kabisa, na nashukuru. Mashine ililetwa na familia iliyorudi kutoka Ulaya miaka ya tisini. Bango nitaliandika upya wiki hii na hadithi hiyo ya kweli, ya marufuku na televisheni. Watoto wanastahili kujua kwa nini babu zao hawakuwa nayo.

Rafu ya Juu wa #9, sijakujibu na sikutaka nikujibu kwa haraka.

Mwezi wa nne alikuja mvulana wa miaka kumi au kumi na moja, na bibi yake. Walitoka Sengerema kwa ajili ya hospitali, wakawa wanasubiri majibu. Nilimkalisha kwenye BBC nikamwonyesha mistari miwili: wa kumi, andika jina lako ndani ya alama, wa ishirini, rudi wa kumi. Alitafuta herufi moja moja kwa kidole cha shahada. Alipobonyeza kitufe cha mwisho jina lake likaanza kushuka kwenye kioo, likajaa, likaendelea kushuka. Hakusema kitu. Aligeuka akamvuta bibi kwa kanga, na bibi akaweka kiganja kizima juu ya kioo cha chogo, akakiondoa kwa sababu ya ule umeme mdogo unaosisimua vinyweleo. Akauliza, "Ni yeye ameiambia?" Nikamwambia ndiyo mama, ni yeye.

Ile programu ya kuiga ingeonyesha jina lilelile. Najua. Lakini ndipo nikamwambia mvulana kwamba wawili kati ya waliobuni mashine hii, Sophie Wilson na Steve Furber, ndio waliobuni chipu ya kwanza ya ARM mwaka 1985, na kwamba chipu hiyo ilipojaribiwa mara ya kwanza ilikuwa imeunganishwa na BBC Micro kama hii aliyoishika. Ukoo wa chipu hiyo ndio uliomo kwenye simu ya bibi yake. Akatazama simu, akatazama mashine. Nikiweka kadi ya kisasa ndani ya ganda, ninakuwa nimemdanganya mtoto huyo hapohapo alipoanza kuamini.

#21 Rafu_ya_Juu

Nimekuelewa mkuu. Sirudishi maneno yote lakini nimekuelewa. Basi wekeni ya kuiga pembeni, iandikwe wazi kuwa ni ya kuiga, ili siku ya moshi mgeni asirudi mikono mitupu.

#22 Taa_ya_Nyamanoro

Hilo nalichukua.

#23 Mama_Peroksaidi

Habari wakuu, nimechelewa. Mmesahau rangi! Nilipita hapo, ile Macintosh imekuwa ya njano kama meno ya mvuta tumbaku. Mimi nina saluni Buzuruga. Ile krimu ya nywele ya peroksaidi asilimia 12, ipake kwenye ganda tupu, funga kwa nailoni, weka juani masaa matatu ukigeuza. Jua letu halina mchezo. Ganda la printa ya shemeji yangu lilitoka jeupe.

#24 Kisesa_86

Njano inasemekana inatokana na dawa ya kuzuia moto iliyochanganywa kwenye plastiki. Na inarudi dada, hata ukiweka ndani gizani. Pia krimu ikikauka sehemu moja inaacha mabaka.

#25 Mzee_Karani

Mwacheni mzee na njano yake.

#26 Mama_Peroksaidi

Shikamoo mzee. Hata mimi wateja wangu wengi wanakuja na mvi na hawataki ziachwe 😀

#27 StabilaizaMoja

Turudi kwenye umeme. Napendekeza stabilaiza moja kubwa ya chumba kizima, na balbu ya sirizi kwa kila mashine iliyolala zaidi ya mwezi. Balbu ya waya ya wati 60, unaifunga mfululizo na mashine. Ikiwaka kwa nguvu ikabaki hivyo, kuna shoti, zima. Ikiwaka kidogo ikafifia, endelea. Mashine inaamka polepole.

#28 Fundi_Makoroboi

Kwa redio, sawa. Kwa hizi pawa saplai za swichi wati 60 ni ndogo, inaweza isianze kabisa au ikawa inajizima na kuwaka. Wati 100. Na balbu za waya zinazidi kuadimika, ukiziona Mlango Mmoja nunua tano.

Nakubali kitu kimoja kwa upande wa Taa, nisije nikaonekana mbishi. Kapasita za mafuta zikikaa miaka bila umeme, ule utando wa ndani unadhoofika, na ukiwasha ghafla zinapitisha. Lakini hiyo ni miaka, si siku sita.

#29 Ughaibuni_Kaskazini

Na chipu kutambaa je? Mashine ikipata joto chipu inatanuka, ikipoa inasinyaa, kidogokidogo inajiinua kwenye soketi. Huko nyuma dawa ya kwanza ya fundi ilikuwa kubonyeza kila chipu kwa kidole gumba. Hiyo inatokana na kuwasha na kuzima, kwa hiyo inamuunga mkono Taa.

#30 Taa_ya_Nyamanoro

Nimebonyeza chipu zote za ZX Spectrum kwa sababu ya #29, zile zenye soketi. Tatu zimelia "tik". Bado vitufe vya upande wa kushoto havisikii, lakini huo ni ule utepe wa plastiki wa kibodi, umekauka na kukatika mwishoni. Nimekata milimita tatu nikaurudisha, herufi nne zimefufuka.

#31 Mwalimu_wa_Malimbe

Wakuu nimesoma uzi wote. Mashine moja, maelezo sita: unyevu, umeme kupanda, wadudu, betri, joto, chipu kutambaa. Na bado mnabishana kuzima au kutozima. Kwa nini msijaribu? Nusu ziwake wiki nzima, nusu zizimwe, muone.

#32 Fundi_Makoroboi

Za chogo zisiachwe bila mtu. Hilo sirudi nyuma. Chogo linabeba maelfu ya volti, na hata ukichomoa linabaki na umeme.

#33 Taa_ya_Nyamanoro

Nimefanya. Matokeo ya wiki, nayaleta kama yalivyo.

BBC ina kapasita mbili mpya za X2, inawaka. Sikuiweka kwenye jaribio, ni ya watoto.

Nilizoacha zikiwaka: Pentium mbili, vioo vimezimwa, mlinzi yupo, chandarua kwenye feni kama Binti Nansio alivyoelekeza. Nilizozima: Macintosh Classic na Pentium ya tatu.

Jumamosi Pentium zote tatu ziko hai. Macintosh ndiyo imewaka na kuonyesha miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti, hakuna kingine. Nikafurahi, nikasema basi nimeshinda. Ndipo mlinzi akaniambia Jumatano usiku umeme ulikatika na kurudi mara tatu. Maana yake zile za "kuwaka wiki nzima" zimezimwa na kuwashwa mara nyingi kuliko zile za "kuzimwa".

#34 StabilaizaMoja

Nilisema mimi. Umeme.

#35 Fundi_Makoroboi

Na ubao wa drafti kwenye Macintosh Classic mara nyingi ni zile kapasita ndogo za ubaoni zimevuja, mafuta yake yanapitisha umeme kati ya miguu ya chipu. Toa bodi, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo na mswaki laini, suuza kwa maji ya betri, anika kivulini siku tatu. Inaweza kuamka. Ikiamka usishangilie, badilisha kapasita zote.

#36 MwanaIgogo

Mnaosha kompyuta kwa sabuni jamani? Mke wangu nimemsomea hii, amekataa kuamini.

#37 Taa_ya_Nyamanoro

Mwambie aje Jumamosi aione. Na wewe njoo, nahitaji mtu wa kushika tochi.

#38 MwanaIgogo

Nakuja. Kweli nakuja.

#39 Ughaibuni_Kaskazini

Jambo moja nililotaka kusema tangu mwanzo. Seattle kulikuwa na makumbusho ya kompyuta zinazowaka, ya Paul Allen, mwanzilishi mwenza wa Microsoft. Mashine kubwa za zamani ziliwashwa na wageni walizitumia. Allen alifariki 2018, milango ikafungwa 2020 wakati wa korona, na 2024 ikatangazwa haifunguliwi tena. Pesa zilikuwepo. Mkuu Taa, hilo daftari lako la hitilafu andika nakala ya pili, na wafundishe hao wenzako watatu kila kitu Fundi anachokufundisha.

#40 Taa_ya_Nyamanoro

Nimeanza leo. Kurasa za kwanza kumi na mbili nimezinakili.

#41 Mzee_Karani

Mwanangu Taa, ninazo disketi za ile ofisi, zile kubwa za kupinda, kumi na nne. Nilizihifadhi kwenye bati la biskuti. Sijui kama zina kitu bado. Bei za pamba za misimu mitatu ziko humo kwa mikono yangu. Kama mna kifaa cha kuzisoma nitazileta mwenyewe.

#42 Taa_ya_Nyamanoro

Shikamoo mzee. Tafadhali usizijaribu popote kwanza. Kama zina ukungu zitachafua kichwa cha kusomea na kukwaruza nyingine zote. Tutazikagua moja moja. Kisomeo cha disketi kubwa tunacho, ila kichwa chake kimechoka. Kuna mwenye kingine?

#43 Binti_Nansio

Ninacho, kilikuwa kwenye mashine iliyokufa. Nimekifunga kwenye gazeti na boksi la sabuni. Kesho nampa kijana wa mizigo kwenye meli ya kutoka Nansio, amevaa kofia ya bluu. Uwepo gatini mapema mkuu, asije akarudi nacho.

#44 Taa_ya_Nyamanoro

Wabeja sana mwalimu. Nitakuwepo.